Gari na Njumu Zake

Jumamosi moja nilisimama kwenye yadi ya magari kando ya Namanga Road, Kitengela, pamoja na ndugu yangu mkubwa, na pesa ambazo hazikuwa zangu zote. Shilingi 150,000 zilikuwa za mamangu, za ng'ombe watatu aliouza soko la Bissil. Gari lingeandikwa jina langu, lakini makubaliano yetu yalikuwa wazi: kila mwezi nimpeleke kliniki Kajiado, aache kubanwa na watu tisa ndani ya Probox na mgongo wake ule.

Mbele yetu kulikuwa na Mazda Demio mbili. Umbo moja, mwaka mmoja, injini ile ile ya 1300. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, imekaa juu ya rimu za chuma zilizofunikwa kwa plastiki, na kifuniko kimoja kilikuwa na ufa. Ya pili ilikuwa nyekundu. Rimu nyeusi za inchi 17, nati za dhahabu, tairi nyembamba kama mkanda. Nyekundu ilikuwa ghali kwa shilingi 60,000 zaidi, na hatukuuliza kwa nini. Tulikuwa tunaona kwa nini. Ile ya fedha hatukuifungua hata mlango.

"Hii imesimama," ndugu yangu akasema, akiizunguka ile nyekundu.

Muuzaji hakusema kitu. Hakuhitaji.

Wiki tatu baadaye nikakutana na ile ya fedha. Ilikuwa imenunuliwa na mwalimu mmoja, jirani yetu hapa Chuna. Akanifungulia niione: usukani wa ngozi, skrini katikati ya dashibodi, redio iliyokuja na gari kutoka Japani. Yangu ilikuwa na usukani wa plastiki na redio ambayo kuna mtu aliichomeka hapa hapa Kenya, taa zake za buluu zikiwaka kama duka la simu. Nikarudi nyumbani nikaitoa karatasi ya mnada, ile niliyokuwa nimeisoma sehemu moja tu, ya kilomita. Katikati ya maandishi ya Kijapani palikuwa na alama tatu ambazo hata mimi ningeweza kuzisoma: 13C. Daraja la chini kabisa la Demio ya petroli. Ya mwalimu ilikuwa 13S.

Yaani nililipa zaidi nikapata kidogo, na siwezi kusema nilidanganywa. Hakuna aliyeniambia kwamba ile nyekundu ni gari la juu. Rimu ndizo zilizoniambia. Mimi, mtu ninayejidai kusoma riwaya na kuzihakiki, nilikuwa nimesoma jalada nikaenda nalo kaunta.

Basi leo nataka kulihakiki gari. Msishangae. Hapa Kitengela ndiyo maandishi yanayosomwa zaidi. Yanasomwa na askari wa geti kabla hajaamua kama atakupigia saluti au atakuuliza unaenda nyumba namba ngapi. Yanasomwa na mama mkwe akichungulia dirishani. Na kama vile kitabu kina yaliyomo na kina jalada, gari lina vitu viwili vinavyosomwa kwanza: daraja lake, yaani zile herufi ambazo kiwanda kimelipa, na viatu vyake.

Tuanze na herufi, kwa sababu sisi Wakenya tumezifanyia jambo ambalo sidhani Toyota walilitarajia. Tumezigeuza majina. Muulize mzee yeyote wa Kajiado aliyekuwa na gari zamani zile alikuwa akiendesha nini. Hatakwambia Corolla. Atakwambia DX. Mwingine atakwambia G-Touring, mwingine L-Touring, mwingine SE. Zote hizo zilikuwa Corolla, na herufi zilikuwa za kutofautisha ndugu na ndugu, ile yenye vitu na ile isiyo na vitu. Sisi tukaona herufi ndiyo habari yenyewe, jina la ukoo tukaliacha. Mheshimiwa akija kwenye harambee hatusemi amekuja na Land Cruiser. Tunasema amekuja na VX, na kila mtu anaelewa ni mheshimiwa wa kiwango gani.

Chukua hiyo DX. Ni kifupi cha Deluxe, anasa. Corolla ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1966, Deluxe ilikaa juu ya ile ya kawaida. Ilikuwa ahadi: wewe si mtu wa hivi hivi. Miaka ikapita, kila kampuni ikaongeza herufi mpya juu ya zile za zamani, na anasa ikaanza kusukumwa chini kama mtu anayepangwa nyuma ya foleni kila wageni wakifika. Leo ukitazama Probox iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 2014, madaraja yanapangwa hivi: DX, DX Comfort, GL, kisha F juu kabisa. Anasa ya 1966 ndiyo sasa iko chini. Ndiyo gari la kampuni ya kusambaza mabomba, lisilo na pambo lolote. Neno halijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni waliokaa juu yake.

Nikiwaza hivyo naona kwamba daraja la gari halina maana peke yake. Ni kama cheo katika sherehe ya watu usiowajua; unajua uko wapi kwa kuangalia nani ameketishwa wapi. Na kwa kuwa mnunuzi wa Kitengela hawaoni wale wengine walioachwa Japani, hajui kama alicholetewa ni kichwa au mkia. Gari lenyewe linanyamaza. Demio nyingi kutoka Japani nyuma zimeandikwa Demio, basi. Ukitaka kujua daraja, utafute karatasi, na karatasi ni ya watu wenye subira.

Hapo ndipo rimu huingia. Rimu haihitaji subira.

Kuna sababu ya kimacho kabisa, na sitaki kuidharau. Tazama mchoro wowote wa gari kabla halijatengenezwa, zile picha za wasanifu. Magurudumu huwa makubwa kupita kiasi, yanajaza matundu yake, na tairi ni mstari mwembamba tu. Gari linazaliwa likiwa na miguu hiyo. Kisha wahasibu wanakuja, daraja la chini linapewa rimu ndogo za chuma na kofia za plastiki, na ghafla pengo linaonekana kati ya tairi na bodi. Gari linakuwa kama kijana aliyevaa suti ya harusi na viatu vya shule. Anayemwongezea rimu kubwa hajazua uzuri mpya. Analirudisha gari karibu na ndoto ya aliyelichora. Ndiyo maana mtu asiyejua lolote kuhusu magari, mtoto wa miaka mitano, huona tofauti mara moja. Jicho linajua.

Sababu ya pili ni kodi. Ushuru wa gari kuukuu unaanzia kwenye orodha ya KRA ya bei za rejareja za magari mapya, kisha unapunguzwa kwa kadiri ya umri wa gari, na umri wenyewe hauruhusiwi kupita miaka 8. Toleo lenye bei ya chini kwenye orodha hulipiwa kidogo. Kwa hiyo mfanyabiashara ana kila sababu ya kuleta daraja la chini, akalivalisha huku. Mifuko ya hewa ya pembeni ambayo huenda ingekuja na daraja la juu, hiyo huwezi kwenda kuinunua Kirinyaga Road ukaifunga jioni. Rimu unaweza. Kinachookoa maisha hakionekani, na kisichookoa chochote kinang'aa kuanzia ng'ambo ya barabara. Mimi ningekuwa muuzaji, ningenunua nini?

Na ya tatu ni kumbukumbu. Watu wa rika langu tulikua tukiona picha moja: Subaru Impreza ya buluu, rimu za dhahabu, vumbi nyuma yake kama pazia. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda na Impreza mwaka 2000. Barabara za vumbi za Kajiado zilikuwa sehemu ya mbio hizo enzi zile, kabla mashindano ya dunia hayajaondoka nchini na kurudi mwaka 2021 kupitia Naivasha. Kuna watu wazima Isinya wanaoweza kukuonyesha walikuwa wamesimama juu ya jiwe gani. Rangi ile iliingia damuni. Nati za dhahabu za Demio yangu, ukizifuatilia ukoo, zinafika pale.

Lakini angalia zile picha vizuri. Gari la Safari lilikuwa limeinuliwa, limefungwa vyuma mbele, na bomba la kuvutia hewa limepandishwa hadi paani kwa ajili ya mito. Na tairi zake zilikuwa nene. Mpaka leo katika mashindano ya dunia, gari lile lile huvaa rimu za inchi 18 kwenye mbio za lami, na inchi 15 kwenye mbio za vumbi. Inchi 15! Saizi ya zile rimu za chuma ambazo mimi na ndugu yangu tulizipita pale yadi bila kuzisalimia. Tumechukua rangi ya Safari tukaipaka kwenye viatu vya lami ya Ulaya, halafu tunageukia njia ya Korompoi mvua ikinyesha.

Ngoja nifanye hesabu kidogo, ni rahisi. Pembeni ya tairi kuna namba. Ile Demio ya mwalimu inavaa 185/65R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta wa tairi, kama asilimia ya upana huo: asilimia 65 ya 185 ni milimita 120. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Yangu ilivaa 205/45R17. Asilimia 45 ya 205 ni milimita 92. Ukijumlisha rimu na kuta mbili, gurudumu la mwalimu lina kipenyo cha milimita 621 na langu 616, karibu sawa, kwa hiyo geji ya mwendo haidanganyi sana na aliyechagua saizi hizo hakuwa mjinga. Ila gurudumu langu lilikuwa limebadilisha hewa kwa chuma. Karibu sentimita 3 za mpira na hewa, kuzunguka duara lote, zilikuwa zimeondolewa kati ya rimu na shimo. Na rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi, uzito ambao springi haziubebi bali zinapigana nao.

Sentimita 3 ni unene wa mandazi. Kwenye lami kutoka Athi River hadi Namanga hutazihisi. Barabara hiyo ni nzuri, gari linateleza, unapita Isinya ukijiona kwenye vioo vya maduka. Sehemu hiyo naikumbuka kwa furaha na siwezi kuikana: jua la saa kumi, nyasi za manjano pande zote, na mimi nikijua kwamba anayenitazama anaona gari lililosimama. Asikwambie mtu kwamba kupendeza ni upuuzi. Kuna mwezi mzima askari wa geti letu aliniita "mkubwa".

Halafu unafika kwa mama.

Kwa mamangu ni kilomita 6 nje ya lami, upande wa Bissil, njia ya mawe na makorongo ambayo mvua huyachimba upya kila Aprili. Mara ya kwanza alipanda kwa shangwe, kikoi kipya, majirani wametoka kuangalia. Tulipofika lami alikuwa ameshika mpini wa juu wa mlango kwa mikono miwili na hasemi. Mara ya pili alikuja na mto wa kukalia. Mara ya tatu tuligonga jiwe ambalo hata sikuliona, sauti ikapasuka kama sahani, na nilipochungulia rimu ya mbele kushoto ilikuwa na ufa na tairi limelala. Tulisubiri saa mbili chini ya mti. Hakunilaumu. Alinipa ndizi.

Mwezi wa nne nilipiga simu jioni kumwambia nitakuja asubuhi.

"Usijisumbue mwanangu," akasema. "Nimeongea na kijana wa Probox, atanichukua. Atanipa kiti cha mbele."

"Mama, si tulinunua gari ndio usipande Probox?"

"Ndiyo. Lakini ile inanibeba vizuri."

Nimesoma uhakiki mkali katika maisha yangu, mwingine nimeuandika mwenyewe. Sijawahi kusoma ulio mfupi na mkali kama huo.

Ilibidi nikaione hiyo Probox. Nilienda stendi ya Kajiado nikaizunguka kama nilivyoizunguka ile Demio siku ile. Probox na ndugu yake Succeed zilitoka mwaka 2002, gari moja kwa ngozi mbili: Succeed iliyopambwa kidogo, Probox ya kazi. Hii ilikuwa ya kazi kabisa. Bampa jeusi ambalo halikupakwa rangi, vioo vya kuzungusha kwa mkono, viti vya kitambaa kigumu. Kwa macho ya kiwanda, mkia wa ukoo.

Lakini haikuwa tena ile iliyotoka kiwandani. Springi za nyuma zilikuwa zimeongezewa kimo. Rimu ndogo za zamani zilikuwa zimetolewa, zikawekwa za chuma za inchi 14 na tairi zenye kuta ndefu na ngumu, za kubeba mzigo. Juu kulikuwa na keria iliyochomelewa na fundi wa hapo hapo Kajiado. Matopeo ya nyuma yalikuwa marefu, yakiwa na maandishi ya kumshukuru Mungu. Rimu za chuma zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu kwa brashi, kingo zake zikiwa si sawa sana.

Rangi hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Chuma tupu kingefanya kazi ile ile. Huyu kijana pia alitaka ipendeze, na aliona hakuna ugomvi kati ya kupendeza na kufika. Alianza na njia, kisha akapamba kile ambacho njia ilikuwa imechagua. Mimi nilianza na pambo.

Ndipo nikaelewa kosa langu lilikuwa wapi. Nilidhani madaraja ya gari yanaishia Japani: DX, GL, F, chagua. Kumbe kuna daraja lingine ambalo halimo kwenye karatasi yoyote ya mnada, linaandikwa hapa na mafundi na madereva na mvua ya Aprili, na hilo ndilo mamangu alikuwa akilisoma kwa mgongo wake. Ile Probox ni toleo la Kajiado. Gari la kuagiza kutoka Japani ni muswada tu. Swali la mhakiki si kama umelihariri. Kila mtu huhariri. Swali ni kama ulijua unamwandikia nani.

Na hili nalisema nikijilinda na wale wanaopenda kuhubiri kwamba kijana mwenye rimu kubwa ni kijana asiye na akili. Kama ni hivyo, twendeni Rongai. Ongata Rongai nayo ni kaunti hii hii ya Kajiado, na nganya zake ni maonyesho ya sanaa yanayotembea: taa, muziki, uso wa msanii umechorwa ubavuni, rimu zinang'aa hadi ndani ya mashimo ya nati. Hakuna hata kimoja cha ziada. Nganya inashindania abiria wa rika letu kwenye lami ya Langata Road, na mwanafunzi wa chuo huacha gari tatu zipite akingoja ile anayoitaka. Pambo pale ndiyo kazi. Linalipa mafuta, linalipa mchoraji, linalipa makanga. Uking'oa rimu za nganya umeipunguzia abiria. Ukizing'oa kwenye Demio yangu ulikuwa umempunguzia mamangu maumivu. Rimu zile zile, hukumu mbili, na zote ni za haki.

Kinachonikera basi si ukubwa wa rimu. Ni rimu isiyojua iko wapi. Ni Vitz ya lita 1 yenye nembo ya RS iliyobandikwa kwa gundi, injini haina habari. Ni Fielder iliyoshushwa hadi inakwaruza kila tuta kati ya Yukos na Milimani, dereva akipita upande upande kama kaa. Vilevile ni Prado ya TZ-G yenye uwezo wa kuvuka mto, ambayo haijawahi kukanyaga changarawe, na mwenyewe analalamika mtaa una vumbi. Hao wa mwisho huwa hatuwacheki kwa sababu wana pesa, lakini kosa ni lile lile la kuvaa viatu vya safari ambayo huendi.

Ile tairi iliyolala nilikuwa bado nayo kwenye buti. Siku moja sokoni Kajiado nikampelekea mzee anayetengeneza akala, nikidhani atafurahi. Nyote mnazijua akala, viatu vya tairi; mchungaji wa Kimaasai anaweza kuzivaa kutoka hapa hadi mpakani Namanga na zisiulize. Mzee aliipokea kwa heshima, akaikunja, akapitisha kidole gumba kwenye ukuta wake mfupi, akagonga gonga.

"Hii ni ya waya," akasema. "Waya inachoma mguu. Mimi natafuta ya lori, ya nyuzi. Na hii hapa pembeni haina kitu, kijana, mikanda nitakata wapi?" Akanirudishia. "Hii ilikuwa ya kuangaliwa."

Nilinunua akala zake jozi moja kwa aibu. Ninazo mpaka leo. Zinapendeza vibaya sana.

Mwishowe nikanunua rimu za chuma za inchi 15, kuukuu, na tairi 185/65. Fundi alipomaliza kuzifunga nilisimama mbali nikaitazama Demio. Ilikuwa imerudi kuwa kijana wa suti na viatu vya shule. Pale carwash wakaniuliza, "Mazee, nani amekuvua njumu?" Askari wa geti akaacha kuniita mkubwa, hakufanya kwa ubaya, nadhani hakunitambua tu. Sitawadanganya kwamba haikuuma. Bado huwa naegesha gari, natembea hatua kadhaa, nageuka kuangalia, na hakuna cha kuangalia.

Mamangu alipanda mwezi uliofuata. Alikuja na ule mto wake, akauweka kwenye kiti. Tulipofika lami aliutoa mgongoni akauweka kwenye mapaja, akaanza kunieleza habari za ng'ombe wa jirani. Habari za gari hakugusia.

Zikabaki zile rimu nne nyeusi. Ile yenye ufa nilikuwa nimeichomelesha na kuipaka rangi upya. Nilitangaza bei, akaja kijana wa Acacia, labda miaka 23, ana Vitz aliyoipata juzi. Alizipenda kabla hajashuka. Nikaichukua ile ya ufa nikaigeuza, nikamwonyesha mahali palipochomelewa, upande wa ndani. Nikamwambia ukweli wote: jiwe, tairi kulala, saa mbili chini ya mti. Nikamwambia pia hesabu ya milimita 92. Nadhani hata mamangu nilimtaja.

Alisikiliza kwa adabu. Akapitisha kidole juu ya mshono wa chuma, kama yule mzee wa akala.

"Nikiifunga," akauliza, "hii itaonekana?"

"Hapana," nikasema. "Iko kwa ndani."

"Basi sawa," akasema, akaanza kuhesabu pesa.